sshfs inaganda kila ruta ikizima na kuwaka: tatizo ni dimoni, mtandao au kerneli?

#1 Picha_Sinza

Wakuu, habari za jioni.

Nina studio ndogo ya picha na video hapa Sinza. Seva yetu ni kompyuta ya mezani yenye Debian 12 na diski mbili, inakaa ofisini. Wahariri wangu wawili wanafanyia kazi nyumbani, mmoja Tabata, mwingine Kigamboni, wote wanatumia Ubuntu. Tumeunganishwa kwa WireGuard (VPN, yaani handaki la siri la mtandao) kupitia seva ndogo ya kukodi iliyoko Ulaya, kisha kila mhariri anamaunti folda ya kazi, yaani anaifanya ionekane kama iko kwenye laptopu yake, kwa sshfs inayopita juu ya ssh. Amri ni hii:

    sshfs kazi@10.8.0.2:/data/studio ~/studio -o reconnect

Mtandao ukiwa mzima, mambo shwari. Umeme ukikatika ofisini, ruta ikazima na kuwaka tena, folda inaganda. Ukiandika `ls` terminali inakaa kimya, Ctrl+C haifui dafu, na dirisha la mafaili nalo linaganda hapo hapo. Mara nyingine baada ya kama robo saa inazinduka yenyewe. Mara nyingine asubuhi unakuta ujumbe "Transport endpoint is not connected".

Madai yangu: sshfs haifai kwa mitandao yetu, na hiyo `reconnect` ni pambo tu. Anayepinga aje na hoja.

#2 Chekecha

Nimekaa mbele kabisa, wataalamu wanakuja.

#3 FundiKonsoli

Mkuu Picha_Sinza, umeweka maradhi mawili kwenye cheti kimoja. Tuyatenganishe kwanza.

sshfs inasimama juu ya FUSE, sehemu ya Linux inayoruhusu programu ya kawaida kuendesha mfumo wa mafaili. FUSE inafanya kazi hivi. Programu yako inaomba kusoma folda. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inalipokea ombi na kuliweka kwenye `/dev/fuse`. Dimoni, yaani ile sshfs inayokaa nyuma, inalisoma, inaongea na seva, inarudisha jibu. Kerneli yenyewe haijui chochote kuhusu ssh wala seva, inamsubiri dimoni tu.

Sasa, dimoni akiwa hai lakini laini imekufa, kila anayegusa folda atasubiri pamoja naye. Huko ndiko kuganda. Dimoni akifa, kerneli inakujibu papo hapo "Transport endpoint is not connected". Hapo hakuna kusubiri, ni mlango usio na mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuilaumu sshfs, siku ikiganda andika:

    pgrep -a sshfs

Ikiwepo, ni ugonjwa wa kwanza. Isipokuwepo, tafuta nani kaiua.

Na `reconnect` si pambo. Inaunganisha upya ssh ikishakatika, lakini peke yake haina namna ya kujua kwamba laini imekufa kimya kimya. ServerAliveInterval kwa kawaida ni 0, maana yake ssh haiulizi kama seva ipo. Weka hivi:

    sshfs kazi@10.8.0.2:/data/studio ~/studio -o reconnect,ServerAliveInterval=15,ServerAliveCountMax=3

Hapo seva isipojibu kwa kama sekunde 45, ssh inakata na sshfs inaanza kuunganisha upya.

#4 Binti_Mbagala

Nakazia #3, na ile robo saa ya mleta mada ina maelezo yake.

Linux ikituma pakiti za TCP (njia ya kusafirisha data inayotumiwa na ssh) bila kupata jibu, inarudia kutuma mara kadhaa huku ikiongeza muda wa kusubiri. Idadi ya marudio iko kwenye `net.ipv4.tcp_retries2`, na thamani yake ya kawaida ni 15. Ukikokotoa inafika kama sekunde 924, yaani dakika kumi na tano na kidogo. Muda huo ukiisha TCP inakata tamaa, ssh inakufa, ndipo `reconnect` inapopata nafasi ya kufanya kazi yake. Dada yenu anamaunti hivi kutoka Mbagala kila siku, na tangu niweke ServerAliveInterval sijaiona tena hiyo robo saa.

#5 Ngalawa

Hapana. Nawaheshimu #3 na #4 lakini mnatibu homa, malaria mnaiacha.

Someni vizuri: yuko kwenye WireGuard. Anwani ya 10.8.0.2 haibadiliki hata ruta ikizimwa mara ngapi, hivyo TCP iliyomo ndani ya handaki haina sababu ya kufa. Kinachokufa ni njia ya nje. Ruta ya ofisini ikiwaka upya, mara nyingi inapewa anwani mpya na mtoa huduma, na kumbukumbu ya NAT ya zamani (orodha ya ruta ya nani wa ndani anaongea na nani wa nje) imefutika. Seva ya Ulaya inaendelea kutuma pakiti kwenye anwani ya jana, na ofisi haina habari kwa kuwa yenyewe haijatuma kitu. Mpaka kompyuta ya ofisini ifungue mdomo kwanza, hakuna mawasiliano.

Dawa iko kwenye faili la WireGuard la seva ya ofisini, sehemu ya `[Peer]`:

    PersistentKeepalive = 25

Ikiwepo hiyo, ofisi inabisha hodi kila sekunde 25 na seva ya Ulaya inaijua anwani mpya bila mtu kugusa chochote.

#6 FundiKonsoli

Ngalawa, hoja nzuri, lakini ifikishe mwisho. Ingekuwa ni handaki tu, likirudi TCP ingezinduka ndani ya dakika mbili, maana muda kati ya rudio moja na jingine kwenye Linux hauzidi sekunde 120. Mleta mada anasema robo saa. Hesabu hiyo ni ya Binti_Mbagala.

#7 Ngalawa

Itazinduka ndani ya dakika mbili *baada ya handaki kurudi*. Nani kakwambia linarudi ruta inapowaka? Bila keepalive linarudi pale ofisi yenyewe itakapotuma kitu kupitia handaki, na hakuna ajuaye ni lini. Hiyo inaweza kuwa dakika tano au dakika kumi na tano.

#8 Mzee_wa_Logi

Vijana, mmebanana kwenye kuganda na mmeiacha ile ya asubuhi. Hiyo ndiyo inayonishughulisha mimi, kwa sababu dimoni hafi hivi hivi.

Njia ninazozifahamu ni tatu. Ya kwanza, kumbukumbu ya kompyuta imejaa na kerneli imechagua wa kumuua. Kwenye laptopu ya mhariri wa video hilo ni jambo la kawaida. Angalia:

    journalctl -k | grep -i oom

Ya pili, mtumiaji ametoka na mfumo umesafisha programu zake zote za nyuma. Tazama `KillUserProcesses` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`. Ubuntu na Debian kwa kawaida huiacha `no`, lakini kuna watu hunakili mipangilio ya mifumo mingine bila kusoma.

Ya tatu ndiyo ninayoishuku zaidi, ingawa sina hakika kama inamuua dimoni au inamzuia tu kuunganisha. Ufunguo wa ssh una nenosiri, na unashikiliwa na `ssh-agent`, programu inayoutunza ukiwa umeshafunguliwa. Usiku agent imeondoka. Dimoni anajaribu kuunganisha upya, ufunguo haufunguki, na hakuna terminali ya kuuliza nenosiri. `reconnect` inahitaji ufunguo unaofanya kazi bila binadamu kuwepo.

#9 Jangwani_Damu

Hizi FUSE ni teknolojia za juzi tu, zimekuja 2010 kuendelea, hazijakomaa. Weka NFS, ile njia nyingine ya kushiriki mafaili mtandaoni, ulale.

#10 Binti_Mbagala

Mkuu, FUSE iliingia kwenye kerneli 2.6.14, Oktoba 2005, na Miklos Szeredi aliyeianzisha ndiye pia aliyeandika sshfs. Ina miaka ishirini. Ungesema sshfs ilikosa mtunzaji hapo ungekuwa na hoja, maana mwaka 2022 aliyekuwa akiitunza alitangaza kuiacha.

Na NFS ikiwa imemauntiwa kwa `hard`, ambayo ndiyo kawaida yake, laini ikifa nayo inaganda. Tena inasubiri bila kikomo.

#11 Chekecha

Jangwani_Damu leo umepigwa nje ndani, na ligi bado mbichi.

#12 Jangwani_Damu

Sisi hatufungwi, tunapisha mpira uendelee. Lakini ndani ya jengo moja, kwa waya, NFS kwangu ina kasi kuliko sshfs na wala haipigi hesabu za usimbaji. Hilo silitoi.

#13 Kijana_wa_Ubungo

Mimi shida yangu jirani na hii. Nimemaunti kama mtumiaji wa kawaida, halafu skripti yangu ya bakapu inayoendeshwa na root inaambiwa "Permission denied". Root mzima! Nikaambiwa niweke `chmod 777` kwenye seva, bado.

#14 FundiKonsoli

Rudisha hizo ruhusa zako leo hii mdogo wangu, 777 haihusiki hapa kabisa.

FUSE kwa makusudi inamzuia kila mtu asiyekuwa mwenye maunti, root akiwemo. Sababu ni kwamba dimoni ni programu ya mtu wa kawaida. Root akiingia kwenye folda hiyo, mwenye dimoni anaweza kuona kinachoombwa na anaweza kukifanya kisubiri milele. Kwa hiyo kerneli inakataa.

Ukitaka wengine waingie unaongeza `-o allow_other`, na kwa mtumiaji wa kawaida hiyo inakubaliwa tu ikiwa kwenye `/etc/fuse.conf` kuna mstari huu bila alama ya reli mbele:

    user_allow_other

#15 Mzee_wa_Logi

Ongezea na `default_permissions`, Fundi, usimwache kijana nusu njia. `allow_other` peke yake inawaruhusu watu wote wa kompyuta hiyo wapite, na kerneli haikagui ruhusa za mafaili. Kila mmoja anafanya kazi kwa mamlaka ya ile akaunti ya seva. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi hilo ni hatari kweli. Ukiweka `allow_other,default_permissions` kerneli inaanza kuangalia mwenye faili na ruhusa zake. Na kama namba za watumiaji hazifanani pande zote mbili, weka `idmap=user`.

#16 Picha_Sinza

Asanteni. Leo umeme ulikatika ofisini mchana, nikapata nafasi ya kuangalia.

Laptopu ya Tabata iliganda, na `pgrep` ikaonyesha sshfs ipo hai. Laptopu ya Kigamboni haikuganda kabisa, ilitoa "Transport endpoint" moja kwa moja, na sshfs haikuwepo. Amri ni ile ile, seva ile ile! Kwenye `journalctl -k` ya Kigamboni kuna mistari ya oom ya jana yake usiku, lakini jina lililotajwa ni la programu ya kuhariri video.

Tabata tulijaribu `kill -9` kwenye `ls` iliyoganda. Haikufa.

#17 Binti_Mbagala

Haifi kwa sababu ombi lake limeshasomwa na dimoni. Kerneli inasubiri jibu na haipokei ishara, ndiyo maana kwenye `ps` utaona herufi D. Usihangaike na `ls`, mfuate dimoni.

Kabla ya kumuua jaribu njia ya upole. sshfs huwa ina mtoto wake, mchakato wa `ssh`. Muue huyo tu na sshfs ibaki. Kwa kuwa una `reconnect`, itazaa mwingine na maunti itaendelea pale pale. Faili lililokuwa wazi linaweza kutoa hitilafu, kwa hiyo mhariri afunge na kufungua upya mradi wake.

Ikishindikana:

    pkill -9 -x sshfs
    fusermount3 -u ~/studio

Dimoni akifa, wote waliokuwa wanasubiri wanaachiliwa wakati huo huo.

#18 Ngalawa

Na kama una maunti kadhaa na hutaki kuziua zote, tafuta namba ya hiyo moja. Kwenye `/proc/self/mountinfo` mstari wa studio utakuwa na kitu kama `0:52`. Kisha:

    cat /sys/fs/fuse/connections/52/waiting
    echo 1 | sudo tee /sys/fs/fuse/connections/52/abort

`waiting` inakuonyesha maombi mangapi yamekwama. `abort` inavunja muunganisho huo peke yake. Wachache wanaijua, na imeniokoa kuwasha upya mashine ya watu katikati ya kazi.

#19 Mama_Seva

Poleni na majukumu. Nimesoma wote, hakuna aliyesema kitu ninachokiona kikubwa kuliko kuganda: kuandika kwenye folda ambayo haijamauntiwa.

Mahali nilipowahi kufanya kazi Posta kulikuwa na skripti ya bakapu ya usiku. Maunti ikadondoka, folda ikabaki tupu, na rsync, programu ya kunakili mafaili, ikaendelea kuyamimina humo humo, kwenye diski ya ndani. Asubuhi diski ya mfumo imejaa na huduma zote zimelala. Mbaya zaidi, maunti iliporudishwa yale mafaili yalifunikwa. Watu wanatafuta nafasi imeenda wapi, `du` inayojumlisha mafaili inasema hivi na `df` inayosoma diski nzima inasema vile.

Zamani FUSE ilikataa kumaunti juu ya folda yenye vitu mpaka useme `nonempty`. Tangu libfuse 3 (maktaba ya FUSE) kizuizi hicho kimeondolewa, na ukiandika `nonempty` inakuambia haiitambui. Kwa hiyo jilinde mwenyewe. Maunti ikiwa imeshuka, fanya hivi mara moja:

    sudo chattr +i /home/mhariri/studio

Folda tupu haitaandikika tena, lakini kumaunti juu yake kunakubali ukifanywa na root. Na kwenye skripti anza na:

    mountpoint -q /home/mhariri/studio || exit 1

Hapo hata dimoni akifa usiku, hakuna kinachoharibika.

#20 Kijana_wa_Ubungo

Mama yangu, shikamoo. `du` na `df` zangu hazielewani tangu wiki iliyopita na sasa najua pa kuangalia.

#21 Mama_Seva

Marahaba mwanangu. Shusha maunti kwanza, ndipo uangalie folda ina nini.

#22 Sufuria_ya_Data

Kwa nini msimpeleke kwenye rclone? Nayo inamaunti kwa FUSE, inazungumza sftp, na ina kache ya kwenye diski:

    rclone mount studio:/data/studio ~/studio --vfs-cache-mode full --vfs-cache-max-size 50G --daemon

Mhariri anasoma kipande cha video mara moja, mara ya pili anakipata kwenye diski yake. Akiandika, rclone inasubiri sekunde 5 baada ya faili kufungwa ndipo inapandisha. Laini ikikatika inajaribu tena baadaye.

#23 Mzee_wa_Logi

Nakubali nusu. Hizo 50G si ukuta. rclone inakagua ukubwa wa kache kila dakika moja, na faili lililo wazi haliondolewi, kwa hiyo inaweza kupita. Na folda inakumbukwa kwa dakika 5, maana yake mhariri wa Tabata anaweza asione faili alilopandisha wa Kigamboni muda huo huo. Wawili wakigusa mradi mmoja, wa mwisho kuandika ndiye anayebaki.

#24 Sufuria_ya_Data

Hiyo unaipunguza kwa `--dir-cache-time`. Ya wawili kugusa mradi mmoja haina dawa hata huko sshfs.

#25 Ngalawa

Mimi naona swali la msingi limekwepwa. Picha kutoka Sinza kwenda Tabata inasafiri mpaka Ulaya na kurudi! Kila ombi linabeba zaidi ya milisekunde mia moja, na kufungua folda yenye mafaili mengi ni maombi mengi. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, mpangilio kama huu ungesimama hata kama nyumba zote mbili ziko Dar. Hamishia kituo cha WireGuard hapa hapa mjini, kwenye laini yenye anwani ya kudumu, halafu ndiyo tujadili dimoni.

#26 Jangwani_Damu

Hapo nakuunga mkono. Nyama ya video ibaki ofisini, wahariri wapewe nakala ndogo.

#27 Chekecha

Wakuu, nje ya mada kidogo. Flashi yangu ya NTFS kwenye Linux inafunguka kusoma tu, haiandiki. Nayo ni FUSE?

#28 FundiKonsoli

Ikiwa ni `ntfs-3g`, ndiyo. Angalia kwa `findmnt`, ikiandika `fuseblk` ndiyo hiyo. Kerneli mpya kuanzia 5.15 zina dereva yake ya ndani inayoitwa ntfs3. Ukiona kusoma tu, mara nyingi Windows haikuiachia vizuri. Irudishe kwenye Windows, izime kwa kuzima kweli, si kulala.

#29 Picha_Sinza

Narudi. Nimeweka ServerAlive kwenye laptopu zote mbili. PersistentKeepalive ofisini haikuwepo na bado sijaiweka, kwa makusudi.

Umeme umekatika tena. Tabata imezinduka kama dakika moja baada ya ruta kuwaka. Nilidhani tumemaliza. Jioni mhariri kafunga kifuniko cha laptopu ruta ikiwa imezima, akaiweka kwenye begi, kuja kuitoa laptopu ina moto na betri imekwisha.

#30 Binti_Mbagala

Imeshindwa kulala. Kerneli inataka kugandisha programu zote kabla ya kulala, na iliyokwama kwenye FUSE haigandishiki. Tafuta "Freezing" kwenye `journalctl -k`, utaona imejaribu kwa sekunde 20 ikaacha.

#31 Ngalawa

Kuzinduka dakika moja *baada ya ruta kuwaka*, bila keepalive. Hiyo inathibitisha ofisi ilijituma yenyewe mapema safari hii. Haithibitishi ServerAlive.

#32 FundiKonsoli

Inathibitisha kwamba ssh ilikata na ikajaribu tena na tena mpaka njia ikapatikana. Bila ServerAlive angekuwa bado anasubiri.

#33 Mama_Seva

Na hakuna aliyeeleza Kigamboni. oom ilitaja programu ya video, haikutaja sshfs. Nani kamuua dimoni?

#34 Mzee_wa_Logi

Ufunguo wa Kigamboni una nenosiri?

#35 Picha_Sinza

Unao mzee. Wa Tabata hauna.

#36 Mzee_wa_Logi

Basi tengeneza ufunguo wa kazi hii peke yake, usio na nenosiri, na kwenye seva uufunge kwa sftp tu. Halafu kesho usiku Kigamboni aiendeshe dimoni mbele badala ya nyuma, kwenye terminali iliyoachwa wazi:

    sshfs -d kazi@10.8.0.2:/data/studio ~/studio -o reconnect,ServerAliveInterval=15 2>&1 | ts | tee ~/sshfs.logi

`ts` iko kwenye kifurushi cha moreutils, inaweka saa mbele ya kila mstari. Uandike pia saa ruta ya ofisini ilipozima na ilipowaka, tulinganishe.

#37 Ngalawa

Na `wg show` ya seva ya Ulaya, pale palipoandikwa "latest handshake". Hiyo ndiyo itasema handaki lilirudi saa ngapi.

#38 Picha_Sinza

Sawa wakuu. Ofisini naacha bila keepalive, Kigamboni nampa ufunguo mpya. Logi zikipatikana naziweka hapa.